Aliyeingiza Jiko Hemani

Milcah Chebet alisingiziwa. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, bila pambo, maana watu wamelizungushazungusha jambo hili mpaka limekuwa kama fumbo, nalo si fumbo. Jiko la makaa liliingizwa ndani ya hema lililofungwa, siku ya mvua, na bibi kizee pamoja na wajukuu wake wawili wakaponea chupuchupu. Milcah siye aliyeliingiza. Milcah ndiye aliyewatoa. Kisha ikaandikwa karatasi kwamba ni yeye, na aliyemshika mkono akamwonyesha mahali pa kuweka kidole alikuwa Mkenya mwenzake, mtu aliyekula ugali wake miaka sita.

Alifika Doha mwaka 2005, mjane wa miaka thelathini na saba, akamwacha mwanawe Levis kwa dada yake huko Ainabkoi. Wanaoijua Ainabkoi wanajua baridi. Mwezi wa saba nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda, na ng'ombe hutoa mvuke mdomoni kama birika. Milcah hakusoma. Baba yake alisema msichana atasoma ng'ombe, na kweli alisoma ng'ombe, na mawingu, na upepo, na moto. Moto aliusoma kuliko vyote, kwa sababu alipokuwa msichana mwalimu mgeni alihamia jirani na mkewe na mtoto mchanga, watu wa pwani wasiozoea kibaridi. Wakawasha jiko nje mpaka likawa jekundu bila moshi hata kidogo, wakaliingiza chumbani, wakafunga dirisha. Asubuhi mlango ulivunjwa. Nyanya yake Milcah aliosha ile maiti ya mtoto, akarudi nyumbani akawakalisha wajukuu wote chini, akasema: "Makaa yenye moshi yanakufukuza. Makaa mekundu yanakuchekea. Ogopeni yale yanayocheka."

Huyo ndiye mwanamke ambaye watu waliambiwa kwamba hakujua hatari ya jiko.

Nyumba aliyoajiriwa ilikuwa Abu Hamour, nyumba ya ghorofa mbili yenye ukuta mrefu. Humo mlikuwa na Madam Noora, na mumewe ambaye wafanyakazi wote walimwita Baba, na watoto, na mama yake Baba, mwanamke mkongwe mwenye nukta za hina vidoleni, ambaye Milcah alimwita Mama Kubwa. Na kila mwaka, joto likishavunjika mwezi wa Novemba, familia hiyo ilihamia jangwani. Watu wa kule hungojea baridi kama sisi tunavyongojea mavuno. Wanapakia mahema, mazulia, jenereta, vyombo, mbuzi wawili watatu, wanatoka kupita Al Wukair na kushuka kusini kwenye mchanga, na huko wanapiga kambi mpaka Machi. Siku za kazi wanarudi mjini, Alhamisi jioni wako kambini tena. Kambi hiyo si ya dhiki. Wana televisheni, wana choo cha bati. Lakini jangwa halijali una televisheni.

Msimu wa kwanza Madam alimwangalia Milcah akikunja blanketi, akacheka.

"Milka, wewe wa Afrika. Utakufa na baridi huku."

"Madam, kwetu baridi ni ya mwaka mzima."

"Afrika joto!"

"Afrika kubwa," Milcah akasema, akaendelea kukunja.

Mwaka ule walipiga mahema bondeni, mahali palipokuwa na majani mabichi kidogo, kwa sababu palipendeza macho. Milcah aliona yale majani akajiuliza yanakunywa nini. Jibu lilikuja Januari. Mvua ya saa moja tu, na bonde lote likageuka bwawa. Mazulia ya thamani yalielea. Watoto walilala ndani ya magari, na Milcah akasimama usiku kucha na maji ya kifundo cha mguu jikoni, akiwa ameshika gunia la mchele kichwani, maana hapakuwa na pa kuliweka.

Mwaka uliofuata hakungoja kuulizwa. Alipanda kwenye kijiinuko, akapiga mguu chini, akasema, "Hapa." Baba alikasirika, kisha akaangalia bonde, akakumbuka, akaanza kushusha mahema. Na kuanzia siku hiyo kambi ile ilikuwa yake, hata kama hakuna aliyesema hivyo kwa mdomo.

Alifanya nini? Afadhali yasemwe yote, ili anayemwita mjinga ajue anamwita nani. Aligeuza migongo ya mahema kaskazini, kule upepo wa baridi unakotokea, na milango ikatazama kusini. Alichimba mtaro kuzunguka kila hema, wenye mdomo wa kutolea maji upande wa mteremko. Misumari ya hema haishiki kwenye mchanga, inang'oka kama jino la mtoto, kwa hivyo alijaza mifuko mchanga, akaifunga kamba za hema, akaifukia kina cha goti. Upepo ulipokuja mahema ya majirani yaliruka, ya kwao yalisimama. Akawafundisha kwamba baridi ya kambini haiingii kwa mlango, inapanda kutoka chini, kwa hivyo ukiwa na blanketi tatu lalia mbili ujifunike moja. Akawakataza watoto kulala na nguo walizochezea, maana jasho la mchana ndilo barafu ya usiku. Alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazivika soksi, akaweka moja miguuni pa kila mtu, na ya Mama Kubwa mbili. Na kila hema alilifungua mahali pawili, shubiri moja chini upande usio na upepo, na nyingine juu karibu na mlingoti. Madam alikuwa akipita anaziba, Milcah anapita nyuma yake anazibua.

Na juu ya yote hayo, moto ni wa nje. Kahawa ilipikwa nje, udi ulifukizwa na kupitishwa kisha chetezo kikatolewa, na jioni watu walioota moto walipoingia kulala, Milcah alichukua koleo akayafukia makaa mchangani. Kila jioni. Miaka minane.

Mama Kubwa ndiye aliyemwelewa kwanza. Alizaliwa hemani yule bibi, kabla ya nyumba za ghorofa. Siku moja alimtazama Milcah akifukia makaa, akamwita, akamshika kidevu, akawaambia wanawe: "Huyu binti yangu. Nyinyi mmesahau, yeye anajua." Milcah hakuwa na mama tena duniani. Neno lile alilala nalo.

Joram aliingia nyumba ile mwaka 2008 kama dereva. Kijana wa Vihiga, mwembamba, mcheshi, aliyewahi kukaa Jeddah miaka minne akatoka na Kiarabu kinachomtiririka kama maji. Kiarabu cha Milcah kilikuwa cha jikoni: lete, peleka, chumvi, moto, bado. Kwa hiyo Joram akawa mdomo wake. Milcah naye akawa jikoni kwake. Alimpikia ugali Ijumaa, alimshonea vifungo, alimwekea supu alipougua homa. Joram alimwita Mama Levis, na walitaniana kama watu wa boma moja.

"Mama Levis, wewe ni injinia wa mahema. Nitakuandikia barua kwa serikali."

"Injinia ni babako. Shika kamba, acha mdomo."

"Lakini hii mifuko ya mchanga, aki, mgongo wangu!"

"Mgongo wa kubeba usukani tu. Chimba!"

Siku moja ya mwaka wa pili wake, Joram aliingiza karai la makaa kwenye hema lao la wafanyakazi. Milcah alimkuta amenyoosha mikono juu yake, anatabasamu. Alilipiga teke likaenda nje na makaa yakatawanyika.

"Mama Levis! Hayana moshi hata!"

"Ndiyo maana!" akafoka. Akamkalisha akamsimulia ya mwalimu, na mkewe, na mtoto, neno kwa neno kama nyanya yake alivyosimulia. Joram alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe." Kwa hiyo Joram alijua. Msomaji alishike hilo. Joram alijua.

Basi ikafika Ijumaa moja ya Januari, mwaka 2014. Mchana, baada ya chakula. Wanaume walikuwa wameenda kuangalia falkoni wa jirani, ndege wa kuwindia, isipokuwa Nasir, mdogo wake Madam, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kuja kambini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Alikuwa amevaa koti la manyoya na anapiga picha kila kitu. Upepo wa kaskazini ulianza kuvuma, kisha mvua, ile mvua nyembamba ya kulala inayoingia mifupani. Mama Kubwa alikuwa amejilaza hemani mwa wanawake na wajukuu wawili, wasichana wa miaka sita na minne. Nje, chini ya kipaa cha turubai, jiko lilikuwa linawaka jekundu, birika la kahawa juu yake. Kwa desturi Milcah angekuwa ameshayafukia makaa yale baada ya chakula. Lakini Baba alikuwa ameagiza kahawa ya pili iwe tayari akirudi, kwa hivyo aliyaacha. Hilo ndilo kosa lake, na hajawahi kulikana. Aliyaacha yakiwaka, nje, mahali pake.

Madam alimwita.

"Milka, Mama anasikia baridi. Lete moto ndani."

"Madam, moto ndani hapana. Nitaleta chupa za maji moto. Na blanketi la sufu."

"Moto kidogo tu. Mlango tumefunga, mvua inaingia."

"Ndiyo mbaya, Madam. Mlango ukifungwa, mbaya zaidi."

Nasir alikuwa amesimama karibu. Alicheka akamwambia dada yake kitu kwa Kiarabu cha haraka ambacho Milcah hakukishika, ila alishika neno moja, "khadama", mtumishi, na kicheko. Madam akakunja uso, kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni. Milcah akaenda, akajaza chupa mbili, akazivika soksi, akamwekea Mama Kubwa miguuni. Akamfunika blanketi la sufu, akaingiza kingo chini ya godoro. Mama Kubwa akampapasa mkono: "Inatosha, binti." Wasichana walikuwa wanacheka chini ya shuka. Milcah akafungua tena tundu la chini, ambalo lilikuwa limeshazibwa na mto, akatoka, akaenda hema la jikoni kusugua sufuria kubwa ya wali uliogandia.

Sufuria ile ilikuwa na ukoko mgumu. Huenda ilimchukua nusu saa, huenda zaidi kidogo. Alipotoka kumwaga maji, aliona birika la kahawa limewekwa mchangani, peke yake, mvua inalidondokea. Jiko halikuwepo.

Alisimama akilitazama lile birika kwa muda wa kumeza mate. Kisha akakimbia.

"Mama Kubwa!" aliita akiwa bado mbali. "Mama! Watoto!"

Mlango wa hema ulikuwa umefungwa kamba zote, mpaka ile ya chini. Alijaribu fundo la kwanza, likawa limelowa halifunguki. Alikuwa na kisu cha vitunguu kwenye aproni. Akachana hema, kutoka juu ya kichwa chake mpaka chini, hema la maelfu ya riyali, akaingia. Joto lilimpiga usoni, joto zuri, tamu, lisilo na moshi. Jiko lilikuwa katikati ya zulia, jekundu, linacheka. Mdogo alikuwa ametapika. Mkubwa alikuwa amelegea kama nguo. Akamtoa mmoja, akamlaza kwenye mvua, akarudi akamtoa wa pili. Mama Kubwa alikuwa mzito. Akamshika makwapani akamvuta na zulia lote, anapiga kelele kwa Kikalenjin, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa lugha zote alizonazo, mpaka akamfikisha nje, naye ameanza kuona giza pembeni mwa macho.

Joram ndiye aliyefika kwanza. Mikono yake ilikuwa na masizi. Milcah aliyaona yale masizi.

"Ni wewe?"

"Nasir aliniambia," akasema Joram. "Mama Levis, aliniambia nibebe. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hapana! Mimi nilimwambia hapana! Washa gari!"

Aliendesha vizuri, hilo hatanyimwa. Waliwafikisha hospitali, wakawekewa hewa safi puani, na wote watatu wakapona. Msichana mkubwa aliumwa kichwa siku nne. Mama Kubwa alilazwa wiki mbili, na tangu hapo mkono wake wa kushoto unatetemeka. Daktari aliuliza swali moja tu la maana: nani aliweka makaa mahali pa kulala?

Nasir alisema, "Mtumishi wa jikoni."

Joram alikuwa amesimama hapo hapo, na Kiarabu chake chote.

Baba hakumuuliza Milcah. Madam hakumuuliza Milcah. Siku tatu baadaye, nyumbani Abu Hamour, Joram aliingia jikoni na karatasi ya Kiarabu na kidau cha wino. Nyuma yake mlangoni alisimama Nasir, anaangalia simu yake.

"Mama Levis, weka kidole hapa."

"Ni ya nini?"

"Ya hospitali tu. Inasema ulikuwa pale siku hiyo."

"Inasema niliwatoa?"

Joram aliangalia karatasi, ingawa kusoma Kiarabu hajui. Alikuwa ameambiwa tu kilichomo.

"Inasema uliwatoa," akajibu.

Akamshika kidole gumba. Milcah hakukiondoa. Na mtu asimcheke kwa hilo. Mtu asiyejua kusoma anaishi kwa kuamini midomo ya watu, kama kipofu anavyoamini mkono unaomvusha barabara. Ukimsukuma kipofu mbele ya gari, hatuulizi kwa nini hakuona.

Mwisho wa mwezi alihamishiwa Al Wukair, kwa binamu yake Madam. Aliambiwa ni kwa muda. Hakuruhusiwa kumuaga Mama Kubwa, eti amelala. Na katika nyumba ile mpya, asubuhi ya kwanza kabisa, alipotaka kuwasha jiko la gesi achemshe chai, mwenye nyumba alimnyang'anya kiberiti mkononi. Kazi yake iliwekwa wazi: nguo, sakafu, bafu. Jikoni asikanyage. Watoto asiwaguse. Mwanamke aliyelisha watu arobaini jangwani kwa moto wa kuni, akawa anapewa chai na mwingine kama mgonjwa wa akili.

Aliyempa chai alikuwa Hadijah, Mganda wa Jinja, mpishi wa nyumba ile, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali aliyesoma madrasa mpaka akahitimu. Siku nyingi Hadijah alimwangalia kwa jicho la pembeni. Kisha siku moja akashindwa kuvumilia.

"Dada, nikuulize. Ulikuwa unawaza nini, kuwafungia watoto na makaa?"

"Mimi?"

"Si ulikiri? Madam ana picha ya karatasi kwenye simu, alinionyesha ili nikuchunge. Nimeisoma mwenyewe. Imeandikwa: mimi Milka, niliingiza moto hemani bila ruhusa, na niliambiwa nisifanye hivyo, na naomba msamaha. Na kidole chako chini."

Milcah alikaa kwenye ndoo ya nguo. Niliambiwa nisifanye hivyo! Walikuwa wamechukua maneno yake mwenyewe, yale aliyomwambia Madam kwenye mvua, wakayaweka mdomoni mwao na kosa lao wakaliweka mdomoni mwake. Hadijah alipoelezwa yote alipiga kofi mezani mpaka vikombe vikaruka.

"Na huyo Joram, mnaenda naye kanisa moja?"

"Moja. Anaongoza nyimbo."

"Mungu wenu mvumilivu," akasema Hadijah.

Habari ilikuwa imeshasambaa kwa wenzao. Doha ya Wakenya ni kijiji. Walio mtaa wa Mansoura walisikia, wauguzi walisikia, walinzi walisikia. Akiingia kwenye maombi ya Ijumaa, mama mmoja alikuwa anamvuta mtoto wake karibu. Kuna aliyempa jina, Mama Makaa, na jina likashika. Alimweleza mchungaji, naye akasema asamehe. Alimpigia Joram simu mara nyingi. Akipokea, alikuwa anasema yuko barabarani.

Lakini yote hayo angeyameza. Lililomkaa kooni ni moja. Mmoja wa wafanyakazi wa Abu Hamour alimwambia kwamba Mama Kubwa, mkono wake ukianza kutetemeka, huwa anausitisha kwa mkono wa pili na kusema: "Milka. Nilimwita binti yangu." Basi. Hatukani, halaani. Anashangaa tu. Milcah aliposikia hivyo aliacha kula siku mbili. Mwanamke pekee aliyemwita mwana katika nchi ile anakwenda kaburini akiamini kwamba mwana huyo alimwekea sumu miguuni.

Mwaka 2016 ikasikika kwamba Joram anarudi Kenya moja kwa moja. Amejenga Vihiga, amenunua ng'ombe. Kuaga kulifanywa Ijumaa asubuhi Al Mansoura, kwenye chumba cha Dedan, mlinzi wa hoteli, na watu walijaa mpaka ngazini. Chapati, kuku, soda, masanduku ya mizigo yamefungwa kamba. Milcah alikwenda na Hadijah, akiwa amevaa gauni lake la kijani la sikukuu.

"Mama Levis!" Joram akasimama, mikono wazi. "Umekuja! Kaa, kaa, mpeni mama kuku."

"Sikuja kula, Joram. Nimekuja kusikia. Sema mbele ya watu hawa nani aliingiza jiko hemani."

Mtu akacheka kwa woga. Dedan akaingilia, "Mama, leo ni siku ya baraka. Mwache kijana aende na amani."

"Amani yake ameiweka wapi mpaka nimnyang'anye mimi?" akauliza Milcah. "Mimi sitaki kitu chake. Chukua simu hapo. Rekodi kwa Kiarabu, maneno matano. Mtumie Madam, amchezee Mama Kubwa masikioni. Halafu panda ndege."

"Mama Levis, hayo mambo yaliisha."

"Kwako."

"Hakuna aliyekufa."

"Kwa sababu mimi niliwatoa!"

"Sasa si uko tu sawa? Una kazi, una—"

"Nafua chupi za watu, Joram. Siruhusiwi kushika kiberiti. Hawa wananiita Mama Makaa, na wewe unaimba mbele yao kila Ijumaa. Masizi yalikuwa kwenye mikono ya nani?"

Joram alitazama chini. Watu wote walikuwa wakimtazama sasa, na hapo ndipo angeweza kuwa mtu. Hadijah akasema taratibu, "Umekula ugali wake, kijana. Tapika ukweli kidogo tu." Mmoja akacheka, na kicheko kile kikampa Joram mlango wa kutokea. Naye akacheka, akapiga makofi, akasema mama yetu ana hasira za damu kupanda, tumwombee. Na wakasimama, wallahi, wakafumba macho wakamwombea.

Aliwaacha wakiomba akatoka. Joram alimfuata mpaka kwenye ngazi, pasipo na mtu.

"Mama Levis, sikiliza. Nasir ndiye aliyenikatia tikiti. Na ndugu yangu Laban anaingia kazini kwao mwezi ujao, nimemwombea mahali pangu. Nikisema sasa, atakula wapi? Nikifika nyumbani nitasema. Nakuapia. Nitapiga simu kutoka nyumbani, nitamwambia Mama Kubwa mwenyewe."

"Kwa hivyo unajua ni wewe."

"Najua."

"Sema tena."

"Najua ni mimi," akanong'ona. "Nilijua hata nilipolibeba. Nilikumbuka yule mwalimu."

Milcah alikuwa ametaka kusikia maneno yale miaka miwili, na alipoyasikia yakawa hayana uzito, kwa sababu yalisemwa mahali ambapo ukuta tu ndio uliosikia. Akashuka ngazi.

Joram aliruka Jumapili. Simu yake ya Doha ilikufa siku hiyo hiyo. Ya Vihiga inalia, haipokewi. Levis alitumwa mpaka kwake na ujumbe, akapokewa vizuri, akapewa chai na mayai ya kienyeji, akaambiwa salimia mama, mwambie bado natafuta wakati mzuri.

Kwa hiyo hesabu ya haki inabaki hivi. Nasir anadaiwa jibu la kweli kwa lile swali la daktari. Madam Noora anadaiwa kuuliza, maana alikuwa pale kwenye mvua, aliambiwa hapana kwa masikio yake, na karatasi ilipokuja akayafunga masikio hayo. Watu wa Mansoura wanadaiwa kumrudishia jina alilopewa na wazazi wake. Na Joram wa Vihiga, mwenye nyumba mpya na ng'ombe wake, anadaiwa sentensi moja ya Kiarabu, lugha anayoijua vizuri, imfikie kikongwe mmoja wa Abu Hamour wakati bado anasikia. Mama Kubwa ana miaka themanini na mitatu. Joram hajapiga simu.